Kufuli la Geti la Nyuma

Mkono wa Mama Dawa ulikuwa bado kwenye kufuli, msomaji, palepale tulipouacha. Kufuli lilikuwa wazi. Ufunguo alioutoa asubuhi ile kwenye mfuko wa ovaroli ya mumewe, alipokuwa anataka kuifua, ulikuwa umezunguka mara moja tu, laini, kama kisu kwenye siagi.

Na nyuma yake sauti ikasema:

"Kumbe ni wewe, Katibu."

Aligeuka taratibu, kama mtu aliyeambiwa kuna nyoka.

Alikuwa Filimbi, mlinzi wa mtaa. Ile filimbi yake ya chuma, iliyompa jina, alikuwa ameshaiinua karibu na midomo.

Kama wewe ndiyo kwanza unaingia kwenye kisa hiki, mambo ni haya. Jumuiya ya wakazi iliweka mageti mawili, moja la mbele linalotokea sokoni, na jingine la nyuma linalotokea barabara kuu. La nyuma hufungwa muda wote, na wenye funguo ni wanakamati, mlinzi, na nyumba chache zilizo karibu. Wiki iliyopita, mchana kweupe, Babu Redio alianguka sebuleni kwake. Huyu ni fundi redio mstaafu, mjane, anakaa nyumba ya kona pamoja na binti yake ambaye ni nesi. Gari la wagonjwa likafika geti la nyuma, karibu kabisa na mlango wake. Hakuna ufunguo uliofungua. Mtu alikuwa amebadilisha kufuli, akaweka jingine la rangi ileile na umbo lilelile.

Gari likalazimika kuzunguka kupitia sokoni, likakwama kwenye mikokoteni. Babu Redio alipofikishwa hospitali, nusu ya mwili ilikuwa haimtii tena.

Nani alibadilisha kufuli? Mtaa mzima ulishamnyooshea kidole Filimbi. Eti alitaka asisumbuliwe na wapitaji, apate kusinzia. Mkutano wa kumfukuza, yeye na mkewe na watoto, watoke kwenye kile kibanda cha geti la mbele, ulikuwa alasiri ileile. Na aliyeutangaza mkutano huo ni katibu wa jumuiya, Mama Dawa mwenye duka la dawa.

Katibu huyohuyo ndiye sasa amekamatwa na ufunguo mkononi.

"Filimbi, subiri."

"Nisubiri nini? Mke wangu amefungasha vyombo kwenye beseni tangu alfajiri. Mtoto kaniuliza tunahamia wapi, nimekosa la kumjibu. Na wewe ufunguo unao! Unanitazama tu natolewa kafara!"

"Si wangu."

"Si wako. Haya, wa nani?"

Jina lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini mtu unalala naye kitanda kimoja miaka yote hii, unamtajaje hivi hivi, kando ya geti, kwa mlinzi mwenye hasira?

"Nipe mpaka mkutano," alisema.

"Ili ukimbie?"

"Nikimbilie wapi, Filimbi? Duka langu lile pale. Watoto wangu wako shule pale ng'ambo. Nikimbie niyaache haya niende wapi?"

Filimbi aliishusha filimbi. Alimtazama kwa muda, kama mtu anayekagua sarafu asiyoiamini.

"Mtoto wangu alipokuwa na homa ulinifungulia duka nikiwa mikono mitupu. Sijasahau. Kwa hiyo nakupa mpaka mkutano. Lakini ukifika mle ukajifanya bubu, Katibu, nitaipuliza hii mle mle ndani mpaka vioo vipasuke. Na nitasema nilichokiona."

Akaondoka bila kugeuka.

Mama Dawa alilibana kufuli, likalia ka! Miguu yake ilijua inakokwenda kabla kichwa hakijaamua.

*

Mumewe wanamwita Cheche. Ndiye aliyechomelea mageti yote mawili, na karakana yake iko nyuma ya duka la mkewe, unanusa chuma kilichoungua kabla hujaiona. Alikuwa ameinama juu ya fremu ya dirisha, uso ndani ya kinyago cheusi, moto wa bluu ukimruka mkononi.

Mama Dawa aliuchomoa waya wa umeme ukutani.

"Aah! Nani huyo tena?" Cheche aliinua kinyago. Alipoona ni mkewe akatabasamu. Alipoona kilichokuwa kwenye vidole vya mkewe, tabasamu likafa.

Hapo ndipo Mama Dawa alipojua. Alikuwa amejiombea njia nzima amkute akishangaa. Hakushangaa.

"Umeutoa wapi?" Cheche aliuliza.

"Usiniulize nimeutoa wapi. Mimi ndiye ninayefua nguo zako. Niambie umefikaje humo."

"Mke wangu, kaa kwanza."

"Sikai."

Cheche alivua glavu moja, akaivaa tena. "Kufuli niliweka mimi."

Mama Dawa alishika meza ya vyuma. Ilikuwa ya moto, lakini hakuisikia.

"Baba Watoto. Wewe?"

"Nilitumwa! Mwenyekiti alikuja hapa na kufuli jipya kwenye boksi, akasema kamati imekaa, imeamua, nikalibadilishe. Mimi nikasema sawa. Kamati ikiamua mimi nani? Tena nilijua wewe unajua. Wewe si ndiye katibu?"

"Kamati haijawahi kukaa kwa ajili ya kufuli."

"Sasa ndiyo najua. Siku ile sikujua."

"Na Babu Redio alipoanguka?"

Cheche aliangalia sakafu, zile chembe za chuma zilizotapakaa chini. Sauti ikawa ndogo. "Nilikuwa juu ya ngazi kule kwenye ghorofa jipya, naweka madirisha. Simu nimeiacha kwenye chaji. Ufunguo ulikuwa mfukoni, mke wangu. Hapa, kwenye paja. Nimerudi jioni nakuta watu wamejaa njiani wananiambia mzee nusura afe kwa sababu ya kufuli. Nilitaka kusema. Mwenyekiti akanivuta pembeni, akaniambia, ukifungua mdomo tunaangamia wote wawili, na mkeo hakuna atakayenunua dawa kwake tena."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Na Filimbi?"

Cheche alianza kuivua tena ile glavu. Mama Dawa alimtazama anavyohangaika nayo. Huyu mtu anayemjua hata anavyokoroma, alikuwa amepita pale kibandani kila siku ya wiki hii, akamsalimia Filimbi, akamuuliza hali ya watoto.

"Funguo zilikuwa ngapi kwenye boksi?" aliuliza.

"Tatu. Mimi aliniachia mmoja, akasema wa akiba. Yeye akaondoka na mbili."

"Mbili? Yeye ana milango mingapi?"

"Sikumuuliza."

"Wa pili kampa nani?"

"Naapa sijui."

Zamani, neno hilo "naapa" lingetosha. Leo Mama Dawa alimtazama usoni, akatafuta, akashindwa kuamua. Akarudisha waya ukutani, akatoka.

*

Dukani alimkuta mama yake amekaa kwenye benchi la wateja, mkoba mapajani.

Bibi Maua, ndivyo wanavyomwita, huuza miche na maua ya vyungu ng'ambo ya barabara kuu, mkabala na geti la nyuma. Ni mama anayejitegemea, mkali wa maneno, aliyemlea binti yake peke yake bila kumlilia mtu.

"Babu Redio anaendeleaje?" aliuliza, hata salamu hajaitikia.

"Mama, umeniuliza asubuhi. Umenipigia simu mchana. Mkweo alipoungua mkono hukuuliza hivi."

"Jirani ni jirani."

"Anaongea kidogo sasa. Nitakwenda kumwona leo, saa ya wagonjwa."

"Anaongea?" Bibi Maua alisimama ghafla. "Anasemaje?"

"Mama, nina mkutano. Nimevurugwa kichwa."

Siku nyingine Mama Dawa angeona jinsi vidole vya mama yake vilivyouminya mkoba ule. Lakini mtu anayemshuku mumewe hana nafasi ya kumshuku mwingine. Alivuta mlango wa chuma wa duka, akafunga, akaenda zake.

*

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la shule ya chekechea, kama kawaida. Watu wazima walikuwa wamejibana kwenye viti vidogo vya rangi, magoti yakigusa videvu. Siku nyingine hicho ndicho kingekuwa kichekesho cha kufungulia kikao. Leo hakuna aliyecheka.

Mwenyekiti ana shule ya udereva, na wanafunzi wake walimpa jina la Mwalimu Klachi. Anaongoza vikao kama yuko barabarani.

"Ndugu wakazi, tusiende kasi," alianza. "Tuweke gia ya kwanza. Ajenda ni moja. Mlinzi wetu ametuangusha."

"Hajatuangusha, ametuua!" Nesi, binti yake Babu Redio, alikuwa mbele kabisa, bado na sare nyeupe ya kazini. "Baba yangu analishwa kwa kijiko! Mtu aliyempa mtaa huu umri wake wote! Na huyu bado anavaa koti la jumuiya!"

"Atoke!" mtu akapaza sauti.

"Atoke leoleo!"

Filimbi alikuwa amesimama mlangoni. Alimtazama Mama Dawa peke yake, na polepole akaipeleka filimbi mdomoni.

Mama Dawa alipiga moyo konde, akasimama. Kiti kidogo kikamganda, akakitoa kwa mkono.

"Mwenyekiti, naomba nafasi. Kabla hatujamtoa mtu kwenye nyumba yake, kuna jambo nimeligundua leo kuhusu lile kufuli."

Mwenyekiti aliacha kukunja karatasi aliyokuwa akiikunja.

"Kufuli lile lili..." Aliliona jina la mumewe mbele ya macho yake, limeandikwa kubwa, na majirani wote wakilisoma.

"Aliliweka mimi," ikasema sauti kutoka mlangoni, kwa haraka hata sarufi ikampiga chenga. "Nililiweka mimi."

Cheche alikuwa amempita Filimbi, ameingia, ovaroli imejaa masizi, kinyago bado kimening'inia shingoni. Mtu aliyekimbia.

Kelele zilizozuka hapo, msomaji, zilisikika sokoni. Viti vilianguka. Mzee mmoja alimkwida Cheche kola. Nesi alipiga yowe. Filimbi, maskini, alisahau hata kupuliza, alibaki mdomo wazi.

"Niacheni niseme! Nilitumwa! Mwenyekiti ndiye aliyenituma!"

Macho yote yakamgeukia Mwenyekiti.

Na Mwenyekiti akaruka futi mia.

"Mimi?" Aliuliza kwa upole, uso mkavu, mkono kifuani. "Fundi, mimi na wewe tumekosana nini? Nikutume mimi, kisha niitishe mkutano wa kutafuta aliyefanya? Ndugu wakazi, jioneeni wenyewe. Mke ni katibu, mume anabadilisha makufuli. Hapa pana njama. Naomba tujiulize, huko nyuma ya geti hawa wawili walikuwa wanapitisha nini?"

Minong'ono ikaanza. Mama Dawa aliwasikia. Aliwasikia hata wale waliokunywa chai kwake wiki iliyopita. "Ndiyo maana..." mmoja alisema. "Mimi nilishangaa siku nyingi," akasema mwingine, ambaye hajawahi kushangaa kitu chochote maishani mwake.

Cheche alimtazama mkewe. Macho yake yalikuwa yanaomba kitu kimoja tu, kwamba yeye angalau amwamini.

Aliamua hapo hapo. Hakuwa na uhakika, lakini aliamua.

"Mwenyekiti," alisema, "hizo funguo zilizo kiunoni mwako ni za nini?"

Mwenyekiti alishika kile kitita cha funguo kilichozoea kumlilia kila akitembea. "Za magari ya shule. Za ofisi. Kwani vipi?"

"Twende nazo getini. Ni hapo tu. Tujaribu mmoja mmoja. Kama hakuna unaofungua, mimi na mume wangu tutafungasha kabla ya Filimbi."

"Katibu, huo ni udhalilishaji."

"Twende!" watu wakaitikia, tayari wamesimama. Watu haohao waliokuwa wanamnong'ona.

Mwenyekiti hakuinuka. Jasho lilimtoka kwenye kipara, likateremka njia mbili. "Jamani, tushike breki kidogo..."

"Breki za nini? Twende!"

"Niliombwa!" alipasuka. "Sikujitungia! Niliombwa na mtu, na nikamwapia sitamtaja. Mtu mwenye shida ya kweli. Nikaona nikiipeleka kwenye kamati, kesho mtaa mzima unaijua. Nilitaka kusitiri, nimejichimbia shimo. Siku ile mzee alipoanguka nilikuwa na mwanafunzi barabarani, simu nimezima kama sheria inavyotaka. Basi. Hilo ndilo kosa langu."

"Aliyekuomba ni nani?"

"Nimeapa."

"Ni nani?"

Macho ya Mwenyekiti, kwa bahati mbaya, yalikwenda mstari wa mbele.

Nesi alisimama. Zile kelele zake zote zilikuwa zimemwisha.

"Ni mimi," alisema.

Akawageukia watu waliokuwa nyuma yake.

"Baba amebadilika. Mnamwona anasalimia, mnadhani mzima. Sivyo. Ameanza kusahau. Kila alasiri anafungua geti la nyuma anatoka, anavuka ile barabara ya malori, ukimuuliza unakwenda wapi anacheka tu. Ufunguo nimemnyang'anya, anachonga mwingine. Siku moja nimeota wananiletea viatu vyake tu." Alijifuta pua kwa mkono wa sare. "Ningesema nini kwenu? Kwamba baba yangu, aliyewatengenezea redio zenu, hajui tena njia ya nyumbani? Nilimwomba Mwenyekiti abadilishe kufuli kimyakimya. Nilitaka kumlinda. Na kufuli hilohilo likaja likamfungia msaada. Nipigeni mawe, haki yenu."

Akina mama waliinuka, wakamkumbatia. Hata wanaume waligeuza nyuso. Mama Dawa mwenyewe alihisi machozi yanamjia, pamoja na aibu kwa kumshuku kila mtu isipokuwa aliyekuwa analia zaidi.

Ndipo Filimbi akaongea, kwa mara ya kwanza tangu mkutano uanze.

"Samahani, Nesi. Pole kwa mzee. Lakini nina swali moja."

"Acha, Filimbi, huoni mwenzio analia?"

"Na mimi nimelia wiki nzima. Nesi, siku ile tulipokuwa getini, mimi nahangaika na ufunguo wangu, wewe uliniambia, mkimbilie Mwenyekiti. Hukusema leta nyundo. Hukusema mwite Katibu, duka lake likiwa karibu. Ulisema Mwenyekiti. Ulijua ufunguo anao. Basi na wewe, kufuli lilikuwa lako, hukubakiwa na wa kwako?"

Mikono ya akina mama iliyokuwa ikimpapasa mgongoni ikapunguza mwendo.

"Niliuacha kazini," Nesi alijibu. "Kwenye kabati la nguo. Nilichanganyikiwa, Filimbi. Hata ungekuwa wewe."

Jibu lilikuwa zuri. Lilikuja haraka, limenyooka. Watu wakalipokea kwa ahueni, kwa sababu walikuwa wamechoka kushuku. Lakini Mama Dawa, ambaye kazi yake ni kutazama mikono ya watu wanapopokea dawa wakiwa na hofu, aliitazama mikono ya Nesi. Ilikuwa imetulia tuli.

Kikao kiliisha shaghalabaghala. Mwenyekiti alitakiwa akae pembeni, akakaa pembeni hapohapo, kwenye kiti cha bluu cha mtoto. Filimbi aliambiwa abaki. Waliomtukana walimwomba radhi kwa kumpiga piga begani, kila mmoja akijifanya yeye hakuwa na sauti kubwa. Mkewe alirudisha beseni la vyombo ndani bila kumtazama mtu usoni.

Cheche alikwenda kwa Filimbi mwenyewe, akasimama mbele yake.

"Nimekukosea."

"Umenikosea," Filimbi alikubali. Hakuongeza. Kisha akamkabidhi koleo kubwa la kukatia chuma, na wote wawili wakaenda kulikata lile kufuli.

Nesi hakungoja kuona. Alikuwa ameshaondoka.

*

Saa ya kuona wagonjwa ilikuwa inakaribia kwisha Mama Dawa na mumewe walipofika wodini. Walikuwa hawajazungumza njia nzima. Cheche alikuwa amenunua maziwa, akayashika kwa mikono miwili kama mtu anayekwenda kuposa.

Babu Redio alikuwa ameegemezwa mito. Upande mmoja wa uso ulikuwa umelala. Upande wa pili ulitabasamu.

"Mama Dawa," alisema, maneno yakimtoka pole pole, ya upande. "Ile redio yako ya dukani... bado inakoroma?"

"Inakoroma, babu."

"Ni spika. Nilikwambia mwezi uliopita. Hukuileta."

Mama Dawa alimtazama Cheche. Cheche alimtazama Mama Dawa. Kweli aliambiwa mwezi uliopita. Kweli hakuipeleka. Yeye ndiye aliyekuwa amesahau.

Cheche alipiga magoti kando ya kitanda, akaeleza yote, kufuli, ngazi, simu, ukimya wake wa wiki nzima. Mzee alimsikiliza. Mwisho akaunyanyua mkono mzima, akauweka juu ya kichwa chake.

"Umenyooka sasa. Inatosha. Lakini kufuli ulitumwa kwa sababu gani?"

Mama Dawa alitafuta maneno laini. "Nesi alikuwa na wasiwasi, babu. Unatoka sana. Aliogopa... unaweza kusahau njia."

Nusu ya mdomo wa Babu Redio ilicheka. Kisha ikaacha kucheka.

"Nisahau njia? Kuvuka barabara moja?"

"Ndivyo alivyosema mkutanoni."

"Mimi sijapotea hata siku moja. Nilikuwa nakwenda ninakokwenda. Na yeye anapajua." Alipumzika, akavuta pumzi. "Siku ile nilimwambia wazi. Nikamwambia nimeamua, naoa. Tukagombana. Kichwa kikaniuma, nikaona sakafu inakuja."

"Alichanganyikiwa," Mama Dawa alisema, ingawa mwenyewe alisikia jinsi sauti yake isivyoamini. "Ndiyo maana ufunguo aliusahau kazini."

"Ufunguo gani?"

"Wa geti. Wa lile kufuli jipya."

Babu Redio aliunyanyua mkono mzima, akagusa kifua chake.

"Ulikuwa shingoni mwake," alisema. "Kwenye kamba ya kitambulisho. Aliponiinamia ulinigonga puani. Mpya, unang'aa. Nikajiuliza, huu wa nini."

Nywele zilimsimama Mama Dawa. Mtu analia getini, anatikisa vyuma, anamtuma mlinzi akamtafute mwenye ufunguo, na ufunguo unaning'inia kifuani mwake!

"Yuko wapi sasa?" Cheche aliuliza, ameshasimama.

"Ametoka hapa sasa hivi. Nimemwambia sijabadili nia. Naoa, hata nikiwa kwenye kiti cha magurudumu. Hakugomba leo. Akasema, vizuri baba, basi ngoja nikamsalimie bibi harusi."

"Bibi harusi ni nani, babu?"

Mzee alishangaa kwa upande ule uliobaki.

"Mama yako hajakwambia?"

*

Walikimbia. Cheche aliyapachika yale maziwa mikononi mwa nesi wa zamu bila maelezo. Kwenye teksi Mama Dawa alipiga simu ya mama yake, ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Mara ya tatu ilikuwa imezimwa.

Barabara kuu, mwanga wa jioni bado upo. Kwenye kitalu cha Bibi Maua, vyungu vimepangwa kama askari gwaride, isipokuwa kimoja cha karibu na mlango. Hicho kilikuwa kimepinduka, udongo umemwagika, na mtu ameukanyaga akiingia. Alama ya kiatu cha kike, kisicho na kisigino. Cha kazini.

"Mama!" Mama Dawa alisukuma mlango. Umefungwa kwa ndani. "Mama! Fungua!"

Kisha sauti ya mama yake, tulivu kupita kiasi:

"Rudi nyumbani, mwanangu. Nina mgeni."

Tangu azaliwe, Mama Dawa hajawahi kuambiwa na mama yake rudi nyumbani. Huyu ndiye mama wa kufungua mlango kabla hujabisha. Huyu ndiye mama aliyemlea peke yake, akimsimulia baba aliyekufa kabla yeye hajazaliwa, baba asiye na kaburi wala ndugu.

"Mama, huyo ana nia mbaya! Alimwacha baba yake chini na ufunguo anao! Fungua, ama Cheche atauvunja!"

Cheche alikuwa ameshalegeza bega, tayari.

Ndipo Nesi akaongea ndani. Hakuwa analia, wala hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu, kama mtu aliyebeba mzigo mpaka mikono ikafa ganzi.

"Mfungulie, Bibi Maua. Mimi nimejaribu kuzuia ndoa hii kwa kufuli, nimebaki na dhambi ya kumuumiza baba yangu mwenyewe. Sasa zamu yako. Mfungulie dada yangu aingie, umwambie baba yake ni nani."

Mama Dawa aligeuka kumtazama mumewe, amwambie kwamba huyo mwanamke amerukwa na akili. Aliweka sikio mlangoni, akingoja mama yake, mkali wa maneno, amfokee muongo huyo na kumtoa nje.

Mama yake hakubisha.